Mwanachuo, Nyumba Yake na Nchi Yake





Katika mwambao huu wa Tungi, ambao Wareno waliuandika Tungue na ambao leo umo katika wilaya ya Palma, neno chuo lina maana mbili, na maana hizo hazikukaa daima nyumba moja kwa amani. Chuo cha kwanza ni kile cha barazani, ambako mtoto hukalia mkeka na kufunguliwa juzuu, na mwalimu wake hupata heshima nyingi kuliko fedha. Chuo cha pili ni kile kiitwacho chuo kikuu, kilichoko Pemba, au Nampula, au Maputo, au ng'ambo ya Ruvuma. Huko mtoto yule yule huenda akiwa amekwisha balehe na kupata akili, na likizo ikifika hurudi na maneno ambayo baba yake hakumfundisha. Wazee husema kwamba alikwenda na adabu, akarudi na hoja.

Mazungumzo haya yahusu fikira za vijana wa chuo hicho cha pili: waionavyo nyumba waliyotoka, kazi waitakayo, na mambo ya nchi. Lakini nyuma ya hayo yote liko swali moja ambalo limewagombanisha wazee na watoto wao, na limepata kuzigombanisha serikali na wanafunzi wao. Kijana aliyesomeshwa ni wa nani? Ni wa mama aliyeuza minazi kwa ajili yake, ni wa nchi iliyojenga chuo, au ni wa nafsi yake mwenyewe? Jumuiya inayotaka kuwasaidia watoto wake katika masomo haina budi kulikabili swali hilo kabla ya kutoa hata metikali moja. Wako waungwana wanaotaka kila atakayesaidiwa atie sahihi ahadi ya kurudi kufanya kazi Tungi. Wako wengine wasemao kwamba msaada wenye kamba si msaada. Pande zote mbili zina watu wenye akili, na kila upande una mambo yaliyopita ya kuutetea.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba hofu ya mzee wa Tungi juu ya skuli haikuzaliwa na ujinga. Katika karne ya 19 wakuu wa mwambao huu walikuwa wakiandikiana na magavana wa Kireno kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na barua nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za taifa mjini Maputo. Zimo habari za biashara, za mipaka, za ugomvi na za suluhu. Walioziandika walisomea katika vyuo vya barazani, na baadhi yao walitembea mpaka Unguja na Ngazija kutafuta elimu. Mwezi wa Februari 1887 manowari za Kireno ziliipiga Tungi kwa mizinga, zikaitoa katika mikono ya Sayyid Barghash wa Unguja. Baadaye ukaja utawala wa Kampuni ya Niassa, uliodumu hadi 1929, nao haukuwa na haja ya kumsomesha mtu. Ulitaka kodi na vibarua.

Kisha, mwaka 1940, Ureno ilifanya mapatano na Vatikani, na kwa mapatano hayo, pamoja na amri iliyofuata mwaka 1941, mafundisho ya watoto wa Kiafrika yaliwekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Hapo ndipo baba Mwislamu alipowekwa njia panda. Akimpeleka mwanawe skuli, mlango wa skuli ni mlango wa kanisa. Akimzuia, mwanawe hatapata cheti, na pasipo cheti hakuna kazi wala haki. Wengi walimzuia. Mtu aliyeweza kuandika barua ya kurasa mbili kwa herufi za Kiarabu alihesabiwa na serikali kuwa hajui kusoma wala kuandika. Katika hesabu ya watu ya 1950, Waafrika waliotambuliwa kuwa asimilado, yaani wenye haki za raia wa Kireno, hawakufika 5,000 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni tano. Sheria ya ubaguzi huo ilifutwa mwaka 1961, na mwaka uliofuata ikaanzishwa elimu ya chuo kikuu katika mji ulioitwa Lourenço Marques, lakini waliokalia madawati yake walikuwa karibu wote watoto wa walowezi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, katika kila watu kumi wa nchi hii, zaidi ya tisa walikuwa hawajui kusoma wala kuandika kwa hesabu ya serikali.

Kwa hiyo mwanachuo wa Tungi mara nyingi ni wa kwanza katika ukoo wake kufika alikofika. Hana mjomba wa kumwuliza mambo ya mitihani, wala shangazi aliyepata kuishi katika bweni. Na kwa sababu ni wa kwanza, macho ya ukoo mzima yamemkazia yeye.

Jambo la kwanza asemalo juu ya nyumbani, akipata mtu wa kumsikiliza, ni fedha. Anaishi katika chumba cha kupanga pamoja na wenzake wawili au watatu, anapika kwa zamu, na posho yake, kama anayo, huisha kabla mwezi haujaandama. Lakini nyumbani amekwisha kuwa tajiri tangu siku alipopanda gari. Ikitokea maradhi, hupigiwa simu yeye; ikitokea arusi au hitima, hupigiwa yeye; paa likivuja, hupigiwa yeye. Wenyewe nyumbani nao wana hoja yao, tena nzito. Nyavu ziliuzwa, minazi iliwekwa rehani, mdogo wake alitolewa masomoni ili yeye aendelee. Mama hakumbuki kama alimpa mwanawe zawadi. Akumbuka kwamba alimwekeza. Hapana upande unaosema uwongo katika jambo hili. Kosa ni kwamba hesabu haikupata kufanywa kwa maneno: kijana hakuambiwa anadaiwa kiasi gani, na wazazi hawakuambiwa kwamba shahada huchukua miaka minne au mitano, na kazi baada yake huenda ikachukua miaka mingine.

Jambo la pili ni lugha. Nyumbani husemwa Kimakwe, Kimwani na Kiswahili. Chuo cha barazani kina Kiarabu chake. Chuo kikuu ni Kireno kitupu. Kijana asomaye jiolojia akiulizwa na bibi yake asomea nini, huishia kusema kwamba anasomea mawe, na bibi hushangaa jinsi mtu awezavyo kukaa miaka mitano akisomea mawe ilhali mawe yako hapa hapa pwani. Watu hucheka, naye hucheka pamoja nao, lakini baada ya likizo mbili au tatu za namna hiyo huacha kueleza. Hapo ndipo wazee husema kwamba amekuwa na kiburi. Mara nyingi si kiburi. Ni mtu aliyechoka kutafuta maneno. Tangu 2003 baadhi ya skuli za msingi zimeanza kutumia lugha za nyumbani, Kimwani kikiwa mojawapo, pamoja na Kireno, na huenda watoto wa kizazi hicho wakapata daraja ambalo kaka zao hawakulipata.

Ndoa ni jambo la tatu, na hapa hapana budi kusema wazi juu ya wasichana. Chuo cha Makerere, kilichofunguliwa Uganda mwaka 1922 kikiwa na wavulana 14, kilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupokea wanawake. Mwaka 1945 walipoingia sita wa kwanza, ilibidi hata wito wa chuo ubadilishwe, kwa kuwa ule wa zamani uliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Kwingi katika mwambao wa Waislamu mambo yalichelewa zaidi, na sababu haikuwa dini, kwa maana dini imefaradhisha elimu kwa mwanamume na mwanamke. Sababu ilikuwa hofu ya njia, hofu ya bweni, na posa iliyokuja mapema. Mwaka 1969 haukuwa na sheria ya kumzuia baba anayemtoa binti masomoni kwa ajili ya arusi. Mwaka 2019 ilipitishwa sheria ya kukataza ndoa za walio chini ya miaka 18 katika nchi yote. Sheria imesaidia, ila haiwezi kumsemea msichana aliyekwisha timiza miaka 19 au 20, akawa katika mwaka wa pili wa ualimu au uuguzi, kisha akaitwa nyumbani.

Fikira za msichana wa chuo husikika kwa nadra, kwa kuwa anayeulizwa ni baba yake. Wale waliopata kuulizwa mara nyingi hawaikatai ndoa; wanachokiomba ni mambo mawili. Waombacho kwanza ni kwamba mume ajue kabla ya akdi kuwa masomo yataendelea, na liandikwe jambo hilo miongoni mwa masharti, kama sharia inavyoruhusu. Pili, wakija likizo, wasiwe wao pekee wa kupika na kuteka maji huku kaka yao, anayesoma chuo kile kile, amelala ukumbini akiitwa msomi. Ombi la pili hili huwachekesha wanaume barazani, na kicheko hicho ni jibu la kutosha juu ya hali ilivyo.

Juu ya kazi, fikira za wanafunzi zimebadilika kwa kadiri nchi ilivyobadilika. Zamani za wakoloni aliyesoma alitaka meza na kalamu, na hapakuwa na la kumlaumu, maana jembe na reli zilikuwa za kulazimishwa. Lakini hata wakati huo wako waliotambua kwamba pwani yahitaji mafundi. Katika miaka ya 1950 ilifunguliwa Mombasa Taasisi ya Elimu ya Waislamu, iliyojengwa kwa michango mikubwa ya Aga Khan, Sultani wa Unguja na matajiri wengine wa Kiislamu, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wajifunze uhandisi, umeme na kazi za vyombo vya baharini. Baadaye ikawa chuo cha ufundi cha watu wote, na leo ni chuo kikuu kamili cha teknolojia. Waliotoa michango hawakujenga tu madarasa ya kusomea vitabu, walinunua mashine. Hilo lastahili kukumbukwa na kila jumuiya inayokusanya fedha kwa ajili ya elimu.

Hapa Tungi swali la kazi lilipata sura mpya mwaka 2010, gesi ilipogunduliwa chini ya bahari, mbele ya rasi ya Afungi. Mwaka 2019 kampuni zilitangaza kwamba zitatia dola bilioni 20 hivi katika mradi mmoja tu wa gesi hiyo. Watu wa Quitupo walihamishwa kutoka mashamba yao na kujengewa kijiji kipya cha Quitunda. Kila mzazi wa wilaya hii aliota mwanawe amevaa kofia ngumu ya kazi. Kisha ikaonekana kwamba kazi zenye mshahara mzuri zataka Kireno safi, Kiingereza, na vyeti vya uchomeleaji, umeme, usalama wa kazini, au uhandisi. Gesi iko Afungi, lakini cheti kilikuwa Maputo, au ng'ambo kabisa. Vijana wengi wa vijiji vya karibu walipata kazi za kufyeka, kulinda na kubeba, na waliziona nafasi nyingine zikijazwa na wageni waliotoka mbali. Uchungu huo haukuwa wa kubuni.

Wanafunzi wa leo, basi, hawana mawazo mamoja juu ya kazi. Wapo wanaosoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoundwa 2006 na chenye kitivo Pemba, wakiwa na macho yao Afungi. Wapo wanaosema kwamba mradi mmoja hauwezi kuwa riziki ya wilaya nzima, wakataka ualimu, tiba na uvuvi wa kisasa. Wapo waliokwenda katika vyuo vya Kiislamu, kama Chuo Kikuu cha Mussa Bin Bique kule Nampula, chenye jina la mtawala Mwislamu wa Kisiwa cha Msumbiji, au kile cha Mbale nchini Uganda kilichofunguliwa 1988, au cha Morogoro, na hao hujaribu kuunganisha vyuo viwili vilivyotajwa mwanzoni. Na wapo, yasifichwe, wasiotaka kurudi kabisa. Ukiwauliza sababu, si wote watakaotaja mshahara. Baadhi hutaja usiku wa risasi.

Asiyechagua kazi yake kwa kujua huweza kupotezewa miaka. Mwaka 1982 watoto 900 wa Msumbiji walipelekwa Staßfurt, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, wakasomeshwa na kufundishwa ufundi wa viwanda. Waliporudi mwaka 1988 walikuta nchi imo vitani na viwanda walivyofundishiwa havipo. Wengi wa wavulana wakaingizwa jeshini. Hapana aliyewatakia mabaya. Wakubwa walipanga kwa nia njema, ila walipanga kwa ajili ya nchi iliyokuwa katika karatasi.

Sasa yaja mambo ya nchi, ambako swali la kijana ni wa nani liliwahi kuulizwa kwa sauti kubwa.

Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliamua kwamba kila amalizaye masomo ya juu atumikie taifa kwa muda wa karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, na miezi 18 katika kazi ya fani yake, lakini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi karibu 400, wengi wao wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana na majoho yao mpaka Ikulu. Katika waraka wao walisema kwamba wakilazimishwa watakwenda kwa miili, si kwa nyoyo. Mabango mengine yalithubutu kusema kuwa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa hasira ambayo haikusahaulika. Aliwaambia kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, na wake ukiwa mmojawapo, akatangaza pale pale kuupunguza kwa asilimia 20. Wanafunzi wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye. Miezi michache tu ilipita, likatoka Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata maandishi juu ya Elimu ya Kujitegemea.

Kwa kawaida kisa hicho husimuliwa kwa kuwalaumu vijana, na lawama hiyo wanaistahili kwa sehemu kubwa. Mtoto aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba hana haki ya kuusifu ukoloni kwa sababu ya asilimia 60 ya mshahara wake. Lakini msimulizi mwadilifu ataongeza jambo moja. Vijana wale waliuliza kwa nini wao tu ndio wabebe mzigo, nao wakubwa wanalipwa vizuri, na Rais mwenyewe alikiri ukweli wa neno hilo alipoukata mshahara wake. Hoja ya kweli ilitoka katika kinywa kisicho na adabu. Kama ingesikilizwa mapema, katika mkutano wa kawaida, huenda majoho yale yasingefika Ikulu.

Mji ule ule, mwezi wa Machi 1968, ulishuhudia ugomvi mwingine uliowahusu watoto wa nchi hii hasa. Taasisi ya Msumbiji, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 kwa ajili ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno, ilikuwa na wanafunzi waliotumaini kwenda kusoma ng'ambo, na uongozi wa FRELIMO uliotaka kila mwanafunzi awe tayari kuyakatiza masomo na kuingia vitani. Zikatokea fujo, na skuli ikafungwa. Eduardo Mondlane mwenyewe alikuwa ameacha kazi ya ualimu katika chuo kikuu cha Syracuse, Marekani, ili aje kuongoza vita. Kwake jawabu la swali lilikuwa dhahiri. Lakini yeye alikwisha maliza shahada yake ya udaktari alipoiacha kazi hiyo, nao vijana wale walikuwa hawajaanza. Jambo hilo halikuwapa haki ya kufanya fujo, ila laeleza kwa nini maneno yake hayakuwaingia wote. Na mwaka huo huo wa 1968 kundi dogo la wanafunzi wa Dar es Salaam, likiongozwa na Yoweri Museveni, lilivuka Ruvuma kwa hiari yao likaingia Cabo Delgado, kuziona sehemu zilizokwisha kombolewa. Hapana aliyewalazimisha.

Baada ya uhuru, tarehe 8 Machi 1977, Samora Machel aliwataka wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari waache masomo yao na kwenda walikopangiwa: huyu ualimu, yule jeshi, mwingine ofisi. Wareno walikuwa wameondoka kwa maelfu, na madarasa yalikuwa hayana walimu. Wanafunzi hawakuandamana. Kizazi hicho huitwa mpaka leo Kizazi cha Machi 8, na pasipo wao skuli nyingi za nchi zingefungwa. Ukikaa na watu wa kizazi hicho, ambao sasa ni wazee, utasikia fahari, na baada ya fahari, kwa sauti ya chini, utasikia mmoja akisema kwamba yeye alitaka kuwa daktari. Fahari na majuto hukaa katika kifua kimoja, na hapana haja ya kuchagua lipi ni la kweli.

Yako pia mambo yaliyotokea hapa hapa, ambayo bado ni jeraha. Miaka kadhaa kabla ya 2017 walizuka katika mkoa huu vijana waliojitenga na misikiti ya wazee wao, wakasema kwamba skuli ya serikali ni haramu, na wakawatoa watoto masomoni. Viongozi wa Kiislamu wa mkoa waliwakanya, wakatoa habari kwa serikali. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua, wengine wakakusanyika Quitunda, wengine wakafika Pemba na mikono mitupu. Kufikia mwisho wa 2022 waliokwisha kuhama makwao katika mkoa wote walikuwa karibu milioni moja.

Wanafunzi wa vyuo wanayo fikira yao juu ya msiba huo, na haifanani daima na ya wazee. Wazee husema kwamba ni kazi ya wapotevu walioiacha njia ya masheikh. Wanafunzi hawakatai, lakini huongeza kwamba mpotevu alipata masikio ya kusikiliza kwa sababu vijana wengi hawakuwa na mahali pa kusema neno: si msikitini, ambako kijana hukaa safu ya nyuma na kunyamaza, si serikalini, ambako huombwa karatasi asiyo nayo, wala si kazini, kwa kuwa kazi haipo. Yawezekana wanazidisha. Hata hivyo wao ndio waliosoma darasa moja na baadhi ya waliopotea, nao wawajua kwa majina.

Kwa hiyo jambo la ahadi ya kurudi, lililotajwa mwanzoni, si jambo la kuamuliwa kwa haraka. Ahadi yenyewe si dhuluma. Nchi nyingi hufanya hivyo, na mali ya jumuiya ni amana. Lakini yafaa kuangaliwa ni kazi gani anayoitiwa mtu arudi kuifanya, kwa mshahara wa nani, na kwa muda gani. Daktari aliyefungwa kwa ahadi ya kurudi mahali pasipo dawa atakuwa amefungwa bure. Msichana aliyeahidi kurudi, kisha akaolewa Nampula, atadaiwa yeye, baba yake, au mumewe? Na fundi wa umeme aliyepata kazi Afungi, je, amerudi au hajarudi? Maswali haya hayana majibu katika nyaraka za jumuiya nyingine, na wenye kuyajua vizuri zaidi ni wale watakaotiwa katika ahadi hiyo.

Masomo ya mwaka hufungwa karibu na Desemba, kaskazi inapoanza kuvuma, na wanafunzi wengi wa Pemba na Nampula huja nyumbani wakati huo, njia ikiwa salama. Imependekezwa kwamba liwekwe baraza baada ya sala ya isha, kwa siku tatu. Wanachuo waseme kwanza na wazee wafuate, na wasichana wawe na usiku wao wa kusema, pamoja na mama zao, ili maneno yao yasipitie kinywani mwa mtu mwingine. Mwandishi ataandika kwa Kiswahili, na nakala moja itatolewa kwa Kireno kwa ajili ya vyuo. Karatasi ya masharti ya msaada imekwisha chapwa kichwa chake na mahali pa sahihi. Sehemu ya katikati imeachwa nyeupe mpaka baraza hilo liishe.